Ukumbi wa Ubavuni: Punda Ametulia

Juma lililopita tulimwacha Mama Fagio na kidole mbele ya pua.

Na kidole chenyewe si cha mtu baki, wajukuu zangu. Ni cha shemeji yake, mdogo wa mume wake, baba mmoja mama mmoja, yule mtaa mzima tunamwita Mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na hapendi kuitwa jina lingine.

"Huyu!" alisema Mwenyekiti, na kanisa zima likageuza shingo. "Aliyechomoa kabari ni huyu hapa!"

Sasa, kama gazeti lako la juma lililopita lilifungiwa misumari dukani, ngoja nikukumbushe upesi upesi, maana kule ndani watu wanakaribia kukunjana mashati.

Kanisa lile ni la zamani, la mawe, mababu walilijenga kwa kubeba jiwe moja moja kichwani. Zuri, lakini halina pa kukaa watu. Ukifiwa, waombolezaji wako wananyeshewa. Ukioza binti, wageni wako wanaungua jua. Watoto wachanga wanapimiwa uzito kwenye kibaraza cha ofisi, na mzani umening'inizwa kwenye kenchi kama nyama. Basi ikaamuliwa kanisa liongezwe ubavuni, ujengwe ukumbi wa mtaa mzima, mwenye dini na asiye na dini. Ili ukumbi uungane na kanisa, lazima ukuta wa ubavuni utobolewe mlango mpana.

Fundi mwashi aliyepewa kazi anaitwa Timazi, kwa kuwa kanyooka kama timazi na mdomo wake haujui kupinda. Timazi alipitisha maboriti ukutani, akayasimamishia nguzo, na chini ya miguu ya nguzo akapigilia kabari, vile vipande vya mbao vyembamba mbele, vinene nyuma. Kabari ndizo zinazoikaza nguzo ibebe mawe ya juu wakati ya chini yanatolewa. Na kila kabari aliichovya kichwa kwenye rangi nyekundu, asije mtu akadhani ni kuni.

Jumapili, katikati ya sala, ukuta ukakohoa. Puu! Vumbi lote likawaangukia wanakwaya. Ufa ukajichora juu ya mlango mpya, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Timazi akaja mbio, akafunua turubai linaloziba lile tundu, akakuta nguzo zake zimesimama tu kama walinzi wanaosinzia. Kabari hakuna hata moja.

Leo asubuhi amechonga nyingine, amepigilia, amekaza, akaenda kula. Alasiri ukaitishwa mkutano humo humo kanisani kumsaka mchawi. Na mchawi ndiyo huyo kapatikana.

Haya, twende.

"Mimi?" alisema Mama Fagio.

"Wewe. Nani alikuwa wa mwisho humu ndani Jumamosi?"

"Ilikuwa zamu yangu ya usafi. Ulitaka kanisa lifagiliwe na mashetani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Na nani alisimama hapa hapa, mbele ya mchungaji, akasema ukuta huu utatobolewa yeye akiwa kaburini?"

Kicheko kikakatika.

Maana maneno hayo aliyasema kweli, na aliyasema kwa sauti. Mama Fagio hajawahi kusema kitu kwa sauti ndogo tangu azaliwe. Hata siri zake majirani huzisikia kabla yake.

"Nilisema," akajibu. "Kusema si kuchomoa. Wewe ulisema utaacha kukoroma kwenye mahubiri. Umeacha?"

"Mnamsikia? Mnamsikia mdomo wake?"

"Tunamsikia sisi tulioangukiwa na vumbi!" Huyo ni Sauti ya Kwanza, mwimbaji mkuu wa kwaya, mwanamke mnene wa sauti nyembamba, ambaye mpaka siku ile alikuwa anakohoa kwa makusudi kila akimwona Mama Fagio. "Miaka tunafanya mazoezi jikoni kwangu kama panya. Tumepata bahati ya ukumbi, mwenzetu anatuangushia ukuta. Roho mbaya kama yako sijaona!"

"Jikoni kwako tatizo si nafasi, ni sauti."

"Jamani," alisema Mchungaji, huku anafuta miwani yake ambayo ilikuwa safi tayari. "Jamani, kwa upendo."

Hakuna aliyemsikiliza. Upendo siku ile ulikuwa umeachwa nje mlangoni pamoja na miavuli.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele, kwenye benchi lake la kila siku, mkono mmoja umeegemea mgongo wa benchi. "Nasema hivi. Aliyechomoa kabari nusura aue watu. Mtu wa namna hiyo atengwe. Asikanyage tena humu. Na funguo za kanisa zitoke kwenye nyumba yake leo hii!"



Kutengwa Mama Fagio angevumilia, angesali chumbani kwake, Mungu hana ukuta. Lakini funguo!

Funguo zilikuwa kwa mumewe. Huyo ndiye Mzee Funguo, seremala wa zamani, ambaye amelifungua kanisa lile na kulifunga mpaka makoti yake yote yana tundu moja, mahali pamoja, mfukoni, kwa uzito wa lile shada la chuma. Siku hizi mzee kaanza kupotea kidogo kidogo. Juzi alimwita binti yake kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Siku nyingine alirudi nyumbani na kiatu kimoja, akabisha kwamba alitoka nacho hicho hicho kimoja. Lakini funguo hajawahi kuzisahau. Alfajiri anaamka, anavaa koti, anazipapasa, na uso wake unarudi, anakuwa mtu tena.

Mwenyekiti alikuja siku moja sebuleni kwa Mama Fagio, akanywa chai yake, akamwambia: "Shemeji, ukumbi ukiisha tutaajiri mlinzi, funguo zitakaa ofisini. Kaka amezeeka."

Na chai alimaliza! Akaweka kikombe chini taratibu kama mtu aliyeleta habari njema.

Tangu siku hiyo Mama Fagio akauchukia ukumbi. Watu walidhani anapenda mawe. Mawe ana haja nayo gani? Alikuwa anapigania mfuko wa koti. Na tangu siku hiyo Mwenyekiti hakumwita tena shemeji. Akawa "huyu mama".

"Huyu mama hana jibu!" alipaza sauti Mwenyekiti, akalipiga benchi kofi.

Paa!

Na benchi halikutikisika.

Mama Fagio akakodoa macho.

Ngoja nikueleze hilo benchi. Sakafu ya kanisa lile ni ya mawe yasiyolingana, na mabenchi yote yanayumba, ila hilo la mbele lilikuwa limezidi. Watoto walilipa jina Punda. Ukikaa, linakurusha mbele. Ukijiegemeza, linakurusha nyuma. Bwana harusi mmoja lilimpiga chini, bi harusi akiwa anamwangalia, na ndoa ikafungwa huku suruali imepasuka. Mwenyekiti alilichagua kwa sababu ni la mbele, na kila Jumapili watu walimtazama anavyopambana nalo wakati wa maombi.

Jumapili, kwa vumbi na mbio zile, hakuna aliyeangalia kama linayumba. Leo Punda kapigwa kofi, katulia tuli kama kaburi.

Mama Fagio akashusha macho polepole, bila kugeuza kichwa. Akayapitisha kwenye magoti ya Mwenyekiti, kwenye viatu vyake vilivyong'aa, mpaka kwenye mguu wa benchi.

Chini ya mguu wa benchi kulikuwa na kipande cha mbao. Chembamba mbele. Kinene nyuma.

Kichwa chekundu.

Loo! Mshitaki kaegemea ushahidi! Mdomo ukamfunguka, neno likafika kwenye ulimi: tazameni chini ya benchi la Mwenyekiti wenu! Ilikuwa imebaki pumzi tu atoke mshindi, na Sauti ya Kwanza akohoe mpaka kesho.

Halafu akafikiri, akili ikatangulia mdomo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nani katika mtaa mzima ana wasiwasi na mabenchi yanayoyumba? Nani anatembea na vijipande vya mbao mfukoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, akipiga magoti, akichomeka hapa, akipachika pale, nyundo ya mti mkononi, akiongea na mabenchi kama ng'ombe wake?

Akageuka nyuma.

Mzee Funguo alikuwa amekaa karibu na mlango mkubwa, koti limefungwa mpaka shingoni. Sikio moja halisikii kabisa na la pili linachagua. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa analiangalia benchi la Punda, namna lilivyosimama imara chini ya mkono wa mdogo wake, na anatabasamu kama baba aliyemwona mwanawe anahitimu.

Mama Fagio akafunga mdomo.

Akapiga hatua mbele, kama mtu anayetaka kujibizana vizuri, akasimama karibu kabisa na benchi, na sketi yake ndefu ikafunika kile kichwa chekundu.

"Unanisogelea?" alisema Mwenyekiti. "Unataka kunipiga?"

"Ningetaka ungeshapigwa."

Hapo Timazi akainuka. Alikuwa amekaa pembeni muda wote na vumbi lake la saruji, anatafuna kijiti. "Mimi sitaki matusi yenu," alisema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja, nani aligusa kazi yangu. Nikijua narudi kazini. Nisipojua nafungasha vyombo, maana siwezi kujenga mahali ambapo mchana naweka, usiku wanatoa. Mtafute fundi mwingine awajengee ukumbi, mimi sizikwi na watu nisiowajua."

Fundi akiondoka na ukuta umetobolewa, na mvua ziko karibu, huo si ukumbi tena. Hilo ni tundu.

"Aseme mwenyewe," Timazi akaongeza. "Akisema, kwangu yameisha."

Watu wakaangaliana. Shingo moja moja zikaanza kugeuka huku na huku, na Mama Fagio akaona kwamba zikigeuka sana zitafika mlangoni, kwa mzee mwenye koti anayetabasamu peke yake.

"Ni mimi," akasema.

Hapo pakawaka moto!

"Si niliwaambia!" Mwenyekiti aliruka kama aliyefunga bao.

"Mchawi!" Sauti ya Kwanza alipiga kelele, na safari hii sauti ilimtoka sawasawa, haijawahi kutoka hivyo hata siku ya Pasaka.

"Mtoeni nje!"

"Jamani, kwa upendo!"

"Funguo!" alisema Mwenyekiti akinyoosha kiganja. "Leta funguo."

"Funguo hazina kosa," alisema Mama Fagio. "Nimekosa mimi. Mume wangu hakukosa."

"Mke anachomoa kabari, mume anafungua mlango aingie kuchomoa. Hiyo ni timu. Leta."

Tazama basi mambo ya dunia. Amejitupa shimoni ili kuokoa funguo, na funguo zinamfuata humo humo shimoni. Akatamani kukaa. Lakini akikaa chini sketi itapanda na kichwa chekundu kitaonekana. Akabaki amesimama kama mlingoti.

"Subiri," alisema Timazi.

Alikuwa anamwangalia Mama Fagio, jicho moja kalifumba, kama anavyoangalia ukuta unaodanganya.

"Ulizichomoaje?"

"Kwa mkono."

"Kwa mkono?"

"Huu hapa. Unataka kuuona?"

"Nitauona." Timazi akatema kijiti. "Mama, kabari yangu ikishapigwa, hata mimi siwezi kuitoa kwa mkono. Inabidi uigonge kutoka upande mwembamba, taratibu, upande mmoja halafu wa pili, bila kuipasua mbao. Ningekuta hata kibanzi kimoja sakafuni ningesema mjinga kavunja. Sikukuta. Zilitolewa kama jino la mtoto. Aliyetoa ni mtu wa mbao."

Mama Fagio akaurudisha mkono nyuma. "Nimeolewa na seremala. Nimejifunza."

"Umejifunza nini? Jumamosi iliyopita nilikuona unapigilia msumari kwa kisigino cha kiatu."

Wachache wakacheka, halafu kicheko kikawafia mdomoni, maana lile neno lilikuwa limeanza kuwaingia. Mtu wa mbao. Kanisani mle mtu wa mbao ni mmoja.

Wa kwanza kulielewa alikuwa Mwenyekiti.

Mama Fagio alimwona linavyomwingia. Rangi ilimtoka usoni, kiganja alichonyoosha kikashuka chenyewe. Nani alimlea huyu Mwenyekiti, baba yao alipofariki? Ni kaka. Nani alimchongea kitanda chake cha kwanza, akamlipia shule kwa meza na stuli za watu? Ni kaka. Hata kushika nyundo alifundishwa na kaka, akiwa amesimama juu ya ndoo.

Akageuka, akamtazama kaka yake kule mlangoni. Mzee akampungia mkono.

Mwenyekiti akageuka tena, na uso wake ulikuwa mgumu kuliko mwanzo.

"Fundi, umetaka mtu aseme. Kasema. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta ukweli."

"Ukweli ndio huo! Amekiri mbele ya mchungaji! Wewe ni mwashi au ni polisi?"

"Mimi ndiye nitakayelala chini ya mawe yale yakianguka," alisema Timazi, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Basi kaeni na ukweli wenu. Nafungasha."

Akatoka na hasira zake, akapita mlango mkubwa bila kumtazama mtu, na nje wakamsikia anarusha kolego na ndoo kwenye mkokoteni. Mchungaji akamkimbilia. Nusu ya wazee wa kanisa wakamkimbilia Mchungaji. Waliobaki wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na kelele zile zilikuwa kama za mnada.

Ndani ya kelele hizo Mwenyekiti akainama sikioni kwa Mama Fagio.

"Unajua," alinong'ona.

"Sijui kitu."

"Usinifanye mtoto. Unajua, na mimi najua."

"Kama unajua, mbona unanikaba mimi?"

"Unataka nimkabe yeye? Mbele ya watu hawa? Nimwambie kaka yangu, umezeeka, akili imekwisha, nusura utuue? Atakufa kesho yake."

"Mnywa chai wewe," Mama Fagio alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mabenchi kadhaa. "Si ndicho ulichokuwa unataka? Kumwambia amezeeka?"

Mwenyekiti akauma meno. "Sikiliza. Beba wewe. Utengwe wewe. Nami naapa, funguo zitabaki kwake mpaka siku yake ya mwisho. Mlinzi sitaajiri. Nitawaambia kamati nimemsamehe kaka kwa kosa la mkewe, watanisifu hata."

"Watakusifu."

"Kwa hiyo?"

Mama Fagio alimchukia mtu yule siku ile, wajukuu zangu, jinsi usivyoweza kumchukia mtu baki. Mtu baki humchukii namna hiyo kwa sababu hukumpikia. Huyu alikuja kwenye nyumba yake akiwa kijana wa magoti meusi, akala sahani yake, akafuliwa shati na yeye.

Na bado, alichotoa ndicho alichokuwa anapigania. Mfuko wa koti. Yeye atasali chumbani, mzee ataamka na kuzipapasa funguo.

"Apa kwa mama yako," akasema.

"Naapa kwa mama."

"Basi mimi ndiye. Nilichomoa kwa roho mbaya yangu. Nenda kaseme."

Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu. Halafu, kama fundi wa maneno alivyo, akajinyoosha, akapiga makofi.

"Ndugu zangu! Ndugu zangu, tulieni! Jambo limekwisha. Aliyekosa amekiri, na hatakanyaga tena hapa. Mwiteni fundi arudi, mwambieni hakuna atakayegusa kazi yake. Na ninyi mnaoogopa ukuta, ondoeni hofu! Kabari mpya zimepigwa leo asubuhi, nimeziona kwa macho yangu. Njooni muuone mlango wa ukumbi wenu!"

Akaenda ubavuni kwa mwendo wa bwana harusi, akalishika turubai, akalivuta upande. Mwanga ukaingia kanisani kutoka kwenye uwanja ule wa ujenzi, mchafu na mpya. Tundu lilikuwa kubwa, mkokoteni ungepita. Juu yake mawe ya mababu, na ule ufa. Katikati, zile nguzo.

Mwenyekiti akaingia kati yake, akasimama chini ya mawe, mikono kaitandaza kama mahubiri ni yake.

"Mnaona? Nimesimama! Nimekufa?"

Watu wakaanza kusogea. Hata Sauti ya Kwanza alinyanyuka, akiwa anatazama tayari pa kuweka kinanda.

Ndipo Mama Fagio alipohisi mtu anamvuta mkono wa blauzi.

Ni mumewe. Alikuwa ametembea taratibu kutoka kule mlangoni, na uso wake unang'aa.

"Mama watoto. Umemwona Punda?"

"Nimemwona, baba watoto," alisema. "Ametulia."

"Ametulia! Alinisumbua huyo. Ameninyima usingizi. Sasa hata umpige rungu." Mzee akacheka kwa furaha. "Na benchi lako wewe, lile la pembeni? Limeacha kuyumba?"

"Limeacha."

"Hujakaa, unajuaje? Kakae uone. Nimelishughulikia leo."

Mama Fagio alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu likaganda nusu ya safari.

"Leo?"

"Leo, nilipokuja kupanga mabenchi ya mkutano. Si walikuwa wamekwenda kula." Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine wa koti, ule usio wa funguo, akatafutatafuta. "Kuna watu wameacha mbao nzuri pale nyuma ya turubai. Mpya kabisa. Nimetumia zote, imebaki moja, nilitaka nikuonyeshe."

Akafungua kiganja.

Kabari. Nyeupe, mbichi, haijapakwa hata rangi. Bado inanukia randa.

Ukuta wa zamani hauna haraka, wajukuu zangu. Ukinyang'anywa mguu wake, unakaa kwanza unafikiri. Jumamosi ulinyang'anywa, ukafikiri mpaka Jumapili katikati ya sala. Leo ulikuwa umeshafikiri tangu mchana.

Mama Fagio akageuka. Kule ubavuni Mwenyekiti bado katandaza mikono, na juu ya kichwa chake mawe ya kizazi kizima.

"Toka!" akapiga kelele. "Toka hapo! Toka!"

Akakimbia.

Na watu waliona nini? Waliona mwanamke mwenye hasira, ambaye ametengwa sasa hivi, anamrukia aliyemtenga. Mtu mmoja akamdaka kiuno. Mwingine akamdaka mkono. Sauti ya Kwanza, Mungu amsamehe, akamkumbatia kwa nyuma kwa mwili wake wote, na huo si mwili wa kuchezea.

"Atamuua!"

"Mshikeni, kapandwa na wazimu!"

"Niacheni! Kabari hakuna! Hazipo tena! Mtoeni yule mtu!"

"Sikiliza anavyotisha watu!"

"Mwacheni aje!" alicheka Mwenyekiti kutoka kule kwenye tundu. "Anataka kuniogopesha na ukuta. Huyu mama hajui kushindwa. Tazameni basi, enyi wenye hofu, tazameni kazi ya fundi!"

Akainua kiganja, akaipiga nguzo ya katikati kofi, kama mtu anayempiga rafiki begani.

Paa!

Nguzo ikacheza. Ikaenda mbele kidogo, ikarudi nyuma kidogo, vile vile alivyokuwa akicheza Punda.

Kelele zote zikafa. Hata waliomshika Mama Fagio walinyamaza, ila mikono yao haikulegea, ilisahau.

Punje ya chokaa ikadondoka kwenye bega la Mwenyekiti. Akaifuta. Ikadondoka nyingine, kubwa kidogo. Akatazama juu, kwenye ule ufa, na ufa ulikuwa unafunguka polepole kama jicho la mtu anayeamka.

Hakukimbia. Miguu ilimgomea. Akatafuta uso mmoja katikati ya nyuso zile zote, akaupata.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya yule kijana wa magoti meusi. "Shemeji..."

Na Mama Fagio, mikono yake yote miwili bado imeshikwa.